Mlango Mmoja kwa Wote: Jinsi ya Kurekebisha Shule ya Msingi Ili Watoto Wenye Ulemavu Wasome na Wenzao

Ukitaka kuuona usanifu kwa wote kwa macho yako, yaani kubuni kitu ili kila mtu akitumie bila kutengewa chake, panda basi la mwendokasi la Dar es Salaam pale Kimara au Gerezani. Tangu huduma hiyo ianze Mei 2016, sakafu ya kituo iko usawa mmoja na sakafu ya basi, na kuingia kituoni unapita mteremko. Mwenye kiti mwendo anaingia. Mama mwenye mtoto mgongoni na kapu la Kariakoo mkononi anaingia, mzee mwenye magoti mabovu anaingia, mwanafunzi aliyechelewa anaingia mbio, wote kwa mlango uleule. Hakuna anayeitwa kuja kumbeba mwenzake, mradi dereva asogeze basi hadi ukingoni.

Aliyelipa wazo hili jina ni msanifu majengo wa Marekani, Ronald Mace, aliyetumia kiti mwendo baada ya kuugua polio utotoni. Mwaka 1997 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walitoa kanuni 7: kitu kitumike na watu wote kwa usawa, kiruhusu namna tofauti za kukitumia, kieleweke haraka, kitoe taarifa kwa njia zaidi ya moja, kisimwadhibu aliyekosea, kisihitaji nguvu nyingi, na kiwe na nafasi ya kutosha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unautaja usanifu huo kwa jina, na nchini tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayekwenda manispaa na barua ya kuomba rampu hajaenda kuomba hisani.

Mwongozo huu ni wa kamati za shule, walimu, wazazi na wenye vituo vya chekechea hapa Dar es Salaam. Kabla ya hatua yoyote, shikeni swali moja la kupimia kila mtakachofanya: je, mtoto huyu atafanya jambo hili pamoja na wenzake, kwa njia ileile, wakati uleule, bila kumwomba mtu? Ipo shule moja upande wa Temeke iliyojenga rampu nzuri kabisa, ila imewekwa nyuma ya jiko la uji. Wenzake wa mtoto mwenye kiti mwendo wanaingia darasani kwa mbele wakipiga soga, yeye anazunguka peke yake kwenye moshi wa kuni. Fedha zilitumika, fundi alilipwa, picha zilipigwa, na mtoto bado yuko nje ya kundi.

Hatua ya 1: Wajueni watoto, wa shuleni na waliobaki nyumbani

Msiwaulize wazazi, "Una mtoto mlemavu?" Wengi watajibu hapana, wengine kwa aibu, wengine kwa sababu hawahesabu uoni hafifu au kusikia kwa shida kuwa ni ulemavu. Ulizeni mambo anayofanya mtoto. Anapata shida kuona, hata akivaa miwani? Kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka au kutulia kwenye jambo moja? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuelewa wengine au kueleweka anapoongea? Kwa kila swali mzazi achague jibu: hana shida, shida kidogo, shida kubwa, hawezi kabisa. Maswali haya ni ya mtindo wa Kundi la Washington, wataalamu wa takwimu chini ya Umoja wa Mataifa, unaotumika duniani kote, na mwalimu wa kawaida anaweza kuyauliza siku ya kuandikisha darasa la awali bila kuwa daktari.

Walioko nyumbani mtawapata kupitia mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake, walimu wa madrasa, wazee wa kanisa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mtoto akionekana ana shida ambayo hajapimwa, mwelekezeni mzazi hospitali. CCBRT ya Msasani na Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili ndizo wengi wanaanzia. Usanifu kwa wote hauondoi haja ya miwani, shimesikio za kusaidia kusikia, magongo au kiti mwendo. Mkataba wenyewe unasema hivyo.

Hatua ya 2: Tembeeni njia nzima, kuanzia kwao

Chukueni tepu ya kupimia, daftari, na watoto wawili watatu wenye ulemavu tofauti pamoja na wazazi wao. Anzeni mlangoni kwa mtoto, siyo getini kwa shule. Mtaa mwingi wa Dar una mchanga unaomeza magurudumu, na mtaro wa wazi unaovukwa kwa ubao mmoja. Mtoto anaweza kuwa na shule yenye rampu tano na asiifikie hata siku moja kwa sababu ya mtaro ule. Kivuko cha zege cha upana wa mita moja na nusu juu ya mtaro ni kazi ndogo inayoweza kuingia kwenye mchango wa mtaa. Matuta ya barabarani na kivuko cha waenda kwa miguu ni mambo ya kupeleka kwa diwani na TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

Getini, angalieni kile kimlango kidogo ndani ya geti kubwa: kina kizingiti cha chuma cha kuvuka, na upana wake mara nyingi haufiki sentimita 70. Kiti mwendo kinataka uwazi wa sentimita 80 angalau, na 90 ndiyo raha. Mkiondoa kizingiti, mlinzi naye atafurahi, maana ndicho kinachowaangusha watoto wa chekechea kila asubuhi.

Mtindo wa kuwafunga walimu vitambaa machoni ili "waone hali ilivyo" mimi siupendi. Mtu aliyefungwa kitambaa dakika tano anajifunza woga wa kutoona. Namna mtoto asiyeona anavyosoma njia kwa fimbo, kwa mwangwi wa ukuta na kwa harufu ya jiko hataijua. Mwulizeni mtoto mwenyewe anapita wapi na kwa nini, halafu mwandike.

Hatua ya 3: Rampu, na ugomvi wake na fundi

Rampu nyingi za mjini hapa zipo, ila ni kali mno. Fundi anakuta kibaraza kimeinuka, anamwaga zege la mita moja na nusu, anajifuta jasho: "Mwalimu, rampu hiyo hapo." Rampu ya namna hiyo inapandika na toroli lake la saruji. Mtoto wa miaka tisa anayesukuma magurudumu kwa mikono yake haiwezi, na akishuka nayo ndiyo hatari zaidi.

Kanuni ni hii: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Madarasa yetu mengi yameinuliwa kukwepa maji ya masika, hivyo kibaraza cha ngazi tatu za sentimita 15 ni jambo la kawaida. Hapo kimo ni sentimita 45, na 45 mara 12 ni 540. Rampu yako ni mita 5.4. Eneo likiruhusu, tumia 15 badala ya 12, iwe mita 6.75, kwa sababu kuna watoto wenye mikono dhaifu. Kimo kipimwe kwa mpira wa maji, ule mpira mwangavu wa mafundi wa kupimia usawa, maana jicho la fundi hudanganywa na uwanja ulioinama.

Fundi atasema, "Mwalimu, utamaliza uwanja." Mwambie aipindishe ifuate ukuta wa darasa. Kwenye kona aweke sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5 ili kiti kigeuke. Juu kabisa, mbele ya mlango, pawe na tambarare ya ukubwa huohuo. Bila hiyo, mtoto anayevuta mlango kuufungua anarudi kinyumenyume kuelekea chini. Upana usiwe chini ya mita 1.2. Mita 1.5 ni bora, watoto wapishane.

Kwa ujenzi wenyewe: kuta mbili za tofali pembeni, katikati kifusi kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka kwa maji. Mchanga mtupu usikubali, mvua mbili tu zitaupeleka. Juu yake zege la unene wa sentimita 10. Kwa rampu ya mita 5.4 yenye upana wa 1.5, zege hilo ni karibu mita za ujazo 0.8, yaani mifuko mitano hadi sita ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4. Ukijua hesabu hii mapema hutaletewa risiti ya mifuko kumi na tano kwa zege la juu peke yake. Zege likiwa bado bichi, fundi aburute ufagio wa chelewa juu yake kwa kukata mteremko, aache mikwaruzo ya kuzuia kuteleza. Marumaru isiwekwe hata kama mfadhili ameitoa bure. Zege limwagiliwe maji siku saba.

Kingo za pembeni ziinuke sentimita 10 ili gurudumu lisichomoke. Reli za kushikia ziwe mbili kila upande: ya sentimita 90 kwa wakubwa, na ya sentimita 65 hivi kwa wadogo, zote zipite mwisho wa mteremko kwa sentimita 30. Tumia bomba la mabati, lipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma haraka. Wachomeleaji wa Gerezani watakutengenezea, ila wasisitizie wasage ncha na viungo, kwa sababu mkono wa mtoto unatelezeshwa juu ya reli nzima.

Halafu kuna mguu wa rampu, pale inapogusa ardhi. Ndio unaoharibika kwanza. Maji yanachimba mchanga, kinabaki kidato cha sentimita tano ambacho mtu mzima hakioni. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo yakifika hapo yanakwama, kiti kinasimama, na mtoto anaruka kifudifudi. Dawa yake ni kumwaga zege tambarare la mita 1.5 chini ya rampu, usawa na uwanja, na mfereji mdogo pembeni wa kutoa maji.

Rampu ikikamilika, hesabu ni nani anaitumia siku ya kwanza. Watoto wa awali, mpishi na ndoo za uji, mwalimu mjamzito, na wale wanaobeba madawati siku ya mtihani. Ngazi zitabaki na wachache wenye haraka.

Hatua ya 4: Choo

Nikiambiwa shule ina fedha za kitu kimoja tu, nachagua choo. Mtoto anaweza kubebwa hadi darasani na wenzake na akavumilia. Chooni habebwi kwa miaka saba bila kuvunjika moyo. Wapo watoto wanaokataa kunywa maji tangu alfajiri ili wasihitaji kwenda, kwenye joto la Februari la Dar es Salaam. Msichana akivunja ungo, ndipo jina lake linapotoweka kwenye daftari la mahudhurio.

Mwongozo wa taifa wa vyoo vya shule unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Ndani ya jengo hilohilo, upande wa wasichana na upande wa wavulana, kila upande uwe na chumba kimoja kikubwa. Kisiwe kibanda pekee mwisho wa uwanja. Ndani pawe na nafasi tupu ya kugeuza kiti, duara la mita 1.5, na hilo kwa kawaida linataka chumba cha mita 2 kwa 2 hivi. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani, mtoto akianguka nyuma yake hakuna wa kumfikia. Upande wa ndani wa mlango weka bomba la kulala la kuuvutia. Komeo liwe la kusukuma kwa kiganja, sentimita 70 hadi 80 kutoka chini, sio kile kipini chembamba kinachohitaji vidole viwili.

Choo kiwe cha kukaa, kimo cha sentimita 35 hadi 40 kwa umri wa shule ya msingi, na kando yake upande mmoja pabaki sentimita 90 tupu ili kiti mwendo kisogee ubavuni na mtoto ajihamishe. Vishikio viwe ukutani pembeni na nyuma, vifungwe kwa boliti ndani ya zege. Kabla ya kulipa, mtu mzima mnene avining'inie. Kama fedha za choo cha kukaa hazipo, mchomeleaji anaweza kutengeneza kiti cha chuma chenye tundu na vishikio, kinachosimamishwa juu ya choo cha kuchuchumaa na kuoshwa kirahisi. Wenye magoti mabovu, akiwemo mwalimu mkuu, watakitumia kwa siri, na hakuna ubaya.

Maji yawe ndani, bomba likifikika mtoto akiwa amekaa. Watoto wenye mgongo wazi wengi hutoa mkojo kwa mpira maalumu kila baada ya saa tatu hadi nne. Kwa hiyo angalau mara moja inaangukia saa za shule. Wanahitaji rafu safi ya kuweka vifaa, ndoano ya kutundika begi, sabuni, na mlango unaofungika kweli. Rafu ni ubao mmoja na skrubu nne. Binti aliye hedhini anaihitaji rafu hiyohiyo.

Kibuyu chirizi nacho kiangalieni. Kilichozoeleka kinakanyagwa kwa mguu, jambo zuri kwa usafi, lakini asiyeweza kutumia miguu anabaki akitazama wenzake wakinawa. Ongezeni kijiti cha pembeni kinachosukumwa kwa kiwiko, kimo cha sentimita 70.

Msiweke kufuli. Choo kikubwa, kisafi, chenye maji, kikifungwa kwa kufuli, mwezi wa pili kitakuwa stoo ya mafagio na mwezi wa tatu choo cha walimu. Watoto wote waruhusiwe kukitumia, na mwenye uhitaji apishwe mbele. Chumba kinachotumika na wengi husafishwa kila siku.

Hatua ya 5: Darasa

Hapa mambo mengi ni ya bure. Kama mtoto wa darasa la nne hawezi ngazi na darasa lake liko ghorofani, hamisheni mkondo wote uje chini. Kumwacha yeye chini na darasa la pili eti kwa kuwa lipo karibu si ujumuishi.

Dawati letu la watoto watatu, lenye benchi na meza vilivyounganishwa, halimpokei mwenye kiti mwendo. Nenda kwa maseremala wa Keko na mchoro huu: benchi liwe fupi kuliko meza kwa upande mmoja, pengo la sentimita 80, na lile gongo la chini upande huo lisiwepo. Kiti mwendo kinaingia pale mwisho, mtoto anakaa bega kwa bega na wenzake wawili, meza moja. Kila darasa lipate moja au mawili. Asipokuwepo mwenye kiti mwendo, kigoda kinajaza pengo.

Ubao upakwe rangi upya, nyeusi isiyong'aa. Maandishi yawe makubwa, na mwalimu asome kwa sauti anachoandika, kisha ageuke kabla ya kueleza. Anayesoma midomo hawezi kusoma kisogo. Mwalimu asisimame mgongo ukiwa dirishani, uso unakuwa giza. Mvua ikipiga bati, acheni kuongea, andikeni. Kingo za ngazi zipakwe mstari wa njano, na fremu za milango zitofautiane na ukuta, hilo humsaidia mwenye uoni hafifu na yeyote anayetoka juani kuingia kivulini.

Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu pia. Akae mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, aruhusiwe kusogea ubaoni bila kuomba kila mara. Kofia pana na mikono mirefu iruhusiwe kwa shule nzima, na gwaride la asubuhi lifanyike kivulini. Nani alisema wimbo wa taifa lazima uimbwe juani?

Hatua ya 6: Somo lenyewe

Rampu inamfikisha mtoto mlangoni. Kilichobaki ni mwalimu. Kituo cha CAST cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1984, kilichukua wazo la majengo na kulileta kwenye ufundishaji kwa mambo matatu: watoto wavutwe kwenye somo kwa njia zaidi ya moja, walipate kwa njia zaidi ya moja, na waoneshe walichojifunza kwa njia zaidi ya moja. Kwenye karatasi linaonekana jambo la darasa la watoto ishirini. Tujaribu kwa darasa la watoto tisini, hisabati, mada ya kurudisha chenji.

Mwalimu anakuja na sarafu halisi: 50, 100, 200, 500. Vikundi vya watoto tisa tisa, kila kundi duka lake, sakafuni au mezani, bidhaa ni vizibo, maganda ya sabuni, kipande cha kanga. Asiyeona anazitambua sarafu kwa kuzipapasa, unene na ukingo, na mara nyingi ndiye atakayekuwa mhasibu wa haraka kuliko wote. Kiziwi anaonesha bei kwa vidole na alama, na kundi linalazimika kujifunza alama za namba, kazi ya dakika kumi. Mwenye ulemavu wa akili anafanya manunuzi ya sarafu mbili tu, lakini ni manunuzi ya kweli, anarudisha shilingi 50 ya kweli. Anayejua sana anapewa oda ya vitu vinne na mteja mkali: "We mtoto, mbona unanipunja?" Mwenye kigugumizi au anayeongea kwa shida anapanga sarafu bila kusema neno. Mwisho kila mtoto anachagua: aandike hesabu, aichore, au aifanye mbele ya mwalimu. Mada ni ileile kwa wote, na mwalimu hajaandaa masomo matano. Na wale themanini na kitu wasio na ulemavu nao wameelewa chenji kuliko wangenakili ubaoni.

Kwa mwenye usonji, maduka kumi yakipiga kelele ni adhabu. Mpe kundi la pembeni, mwambie mapema somo litakwendaje na litaisha lini, na achoreshewe ratiba ya siku kwa picha ukutani. Ratiba ya picha itasomwa na darasa lote.

Kuna jambo nalisema wazi. Kiziwi mmoja kati ya wasikiao mia, bila mwalimu wala mwenzake anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, hajajumuishwa. Kakaa tu humo. Ama shule ijifunze lugha hiyo, na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, ndio wa kuwaendea, ama mzazi afikirie shule yenye viziwi wengine, kama ile ya Buguruni. Hata walimu wa shule za kawaida wana mengi ya kuchota huko, na Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko pia, ambako watoto wasioona na wanaoona wamesoma pamoja miaka mingi. Ombeni siku moja ya kukaa nyuma ya darasa lao.

Hatua ya 7: Mapumziko

Ujumuishi mwingi hufia saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia. Shona vizibo vya soda ndani ya mpira wa chandimu, mpira unasikika ukiviringika, na wanaoona nao watautaka. Mdako uchezwe juu ya meza fupi badala ya sakafuni, mwenye kiti mwendo anaufikia. Rede inachezeka akiwa mrushaji. Sheria za mchezo waachieni watoto wazirekebishe. Wana akili hiyo kuliko sisi. Kazi ya mwalimu wa zamu ni kuhakikisha hakuna anayeambiwa, "We kaa hapo utulindie mabegi."

Hatua ya 8: Fedha na tarehe

Andikeni mapungufu yote kwa makundi matatu: yasiyo na gharama, yanayowezekana kwa michango na fundi wa mtaani, na yanayohitaji manispaa. Kundi la kwanza lifanyike ndani ya mwezi. La tatu liingie kwenye mpango wa shule na kupitishwa na kamati, likiwa na vipimo na mchoro, kwa sababu "tunaomba mazingira rafiki" hakuna mhandisi anayeweza kulikadiria. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla; barua ya Mei imechelewa.

Kama madarasa mapya yanajengwa, dai michoro kabla msingi haujachimbwa. Kupanua mlango kwenye karatasi ni kufuta mstari. Kuupanua kwenye ukuta ni kuvunja lenta, ile boriti ya zege juu ya mlango. Na katika zile asilimia 10 za mapato ya ndani zinazotengwa na halmashauri kwa mikopo, asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Ulizeni ustawi wa jamii kama kuna kikundi cha mafundi waliokopeshwa, wapewe kazi ya reli na madawati.

Kwa madarasa ya mtihani, mwalimu mkuu aoneshe mahitaji ya mtahiniwa wakati wa kusajili. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa na za nukta nundu, na huongeza muda, lakini haliwezi kumwandalia mtoto lisiyemjua.

Hatua ya 9: Kabla ya kumlipa fundi

Bakizeni sehemu ya malipo. Siku ya kukabidhi, waiteni walewale watoto wa hatua ya pili. Mwenye kiti mwendo apande na kushuka peke yake mara mbili, mara moja zege likiwa limelowa. Aingie chooni, ajifungie, ajihamishe, afungue, atoke. Asiyeona atoke getini hadi darasani kwake bila kushikwa mkono. Pale anaposita, wekeni alama ya chaki. Ndipo fundi anaporudi kazini.

Baada ya hapo, kila muhula ukifunguliwa, mwalimu wa afya azunguke na karatasi moja: mguu wa rampu, kutu kwenye viungo vya reli, komeo la choo, sabuni, kijiti cha kibuyu chirizi, rangi ya kingo za ngazi, na pikipiki iliyoegeshwa juu ya rampu. Hiyo ya mwisho mtaikuta kila muhula. Mwenye nayo aitwe aiondoe, na pale mwanzo wa rampu simikeni kinguzo kimoja katikati, pande zake zibaki sentimita 90 hadi 100 kila upande. Mkifikia hatua hiyo, mguu wa rampu uwe na upana wa mita 2, kwa hiyo mwambieni fundi tangu siku ya kwanza.